Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Shikamooni wazee wangu. Ndugu wanachama, walezi wenzangu, habari za asubuhi. Na nyinyi vijana mliobanana safu ya mwisho karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo. Sehemu kubwa ya taarifa hii inawahusu nyinyi kuliko sisi wenye mvi.

Ya fedha atayasoma Mweka Hazina, na mkaguzi wetu yupo, kwa hiyo sitaingilia kazi ya mtu. Niseme tu kwamba ada zimeingia vizuri kuliko mwaka uliopita na deni la viti na maturubai limekwisha. Klabu zetu zote za watoto na vijana zimeendelea kukutana, isipokuwa ile ya sokoni imepoteza chumba baada ya mwenye nyumba kupata mpangaji wa duka. Tangu hapo watoto wanakutana barazani kwa mwanachama wetu mmoja, na mvua ikinyesha wanatawanyika. Jambo hili la chumba nitalirudia, maana si dogo kama linavyoonekana.

Sasa kazi yenyewe. Mkutano mkuu uliopita uliagiza mijadala ya kila mwezi ihusu nchi moja, tuisome kwa kituo badala ya kurukaruka, na kura ikaangukia Bangladesh. Wapo walionung'unika kwamba tunafuata mbali kilicho mlangoni. Lakini mfumo wa klabu tunaoutumia umezaliwa huko. Fazle Hasan Abed alianzisha shirika la maendeleo la BRAC mwaka 1972, nchi ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani, na kuanzia miaka ya 1990 shirika hilo likafungua vituo vya wasichana vijijini. Lilipoingia Tanzania na Uganda mwaka 2006, klabu nazo zikafuata baada ya muda. Baadhi ya walezi mlioketi hapa mlijifunzia kazi huko kabla hatujaanzisha chama chetu.

Mwezi Mei tulimkaribisha mama mmoja wa Kibangladeshi, mkazi wa hapa Dar es Salaam, aliyewahi kusimamia vituo vya namna hiyo kwao upande wa Barisal. Aliketi mkekani na wasichana wetu, akaomba bao la keramu, na kabla hajatamka lolote kuhusu uongozi alikuwa ameshawafunga wawili mfululizo. Ndipo akaeleza kwamba michezo na vitabu vya hadithi haviwekwi kituoni kwa ajili ya kupitisha muda. Chukua msichana wa miaka 13 ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Mkabidhi ufunguo wa sanduku la vitabu na daftari la kuandika nani kaazima nini. Mwanzoni anaandika kimyakimya tu. Baada ya miezi michache utamsikia akimwambia aliyemzidi umri, "Dada, kile kitabu hujarudisha." Mama huyo akatuambia kwamba yeye alikuwa akiisubiri siku hiyo kwa kila msichana, na kwamba wengine iliwachukua mwaka mzima. Kumdai mkubwa mbele ya watu, kwa adabu lakini bila kutetemeka, si jambo jepesi, na hata humu ukumbini wapo watu wazima wasioliweza.

Kwa mwaka mzima tulisoma na kubishana, na maoni yangu ni haya: jamii ya Kibangladeshi haijawahi kupungukiwa na vijana jasiri. Kinachopungua ni mahali ambapo ujasiri huo unaweza kutulia ukawa uongozi.

Tuanze na mwaka 1952, Bangladesh ilipokuwa bado sehemu ya mashariki ya Pakistan. Serikali ya Pakistan ilitaka Kiurdu pekee kiwe lugha ya taifa, wakati watu wa mashariki, ambao ndio walio wengi, walisema Kibangla. Usiku wa tarehe 20 Februari kamati ya vyama vyote, yaani watu wazima wa siasa, ilipiga kura kwamba amri ya kuzuia mikusanyiko isivunjwe. Kesho yake wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dhaka wakakutana uwanjani kwao, wakaamua kinyume chake, wakatoka kumi kumi. Polisi wakafyatua risasi, wakafa watu. Mwaka 1956 Kibangla kikatambuliwa kuwa lugha ya taifa pamoja na Kiurdu, na mwaka 1999 UNESCO ikaitangaza tarehe 21 Februari kuwa siku ya lugha ya mama duniani. Sisi tunaojivunia Kiswahili tungefanya vyema kuijua siku hiyo ilikotoka.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya watoto wa shule. Julai 29 basi liliwagonga na kuwaua wanafunzi wawili katika barabara ya uwanja wa ndege, Dhaka. Wenzao wakaingia barabarani na sare zao, mabegi mgongoni, wakaanza kukagua leseni za madereva. Walipanga magari kwenye mistari, riksho zikapewa njia yake, na gari la wagonjwa likaachiwa nafasi ya kupita, jambo ambalo wakazi wa Dhaka walisema hawajawahi kuliona. Askari asiye na leseni alizuiwa kama dereva mwingine yeyote. Gari la waziri lililokuwa likipita upande usio wake likageuzwa. Septemba bunge likapitisha sheria mpya ya usafiri wa barabarani. Lakini kabla ya hapo watoto walikuwa wamekwisha kupigwa na magenge ya watu waliovaa helmeti, na mpiga picha mashuhuri Shahidul Alam, aliyewasemea hadharani, alikamatwa na kukaa ndani zaidi ya siku 100.

Halafu ukaja Julai wa 2024, ambao wengi wetu tuliufuatilia kwenye simu. Ugomvi ulikuwa juu ya ajira za serikali, ambapo asilimia 30 ya nafasi zilitengewa wazao wa wapiganaji wa vita vya uhuru vya mwaka 1971. Mpango huo ulifutwa 2018, na mahakama ikaurudisha Juni 2024. Tarehe 16 Julai huko Rangpur, mwanafunzi Abu Sayed alisimama mbele ya polisi ametandaza mikono, akapigwa risasi. Siku mbili baadaye Mir Mugdho aliuawa Dhaka alipokuwa akigawa maji kwa waandamanaji. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa inakadiria kwamba huenda watu 1,400 waliuawa kati ya Julai 1 na Agosti 15. Agosti 5, Waziri Mkuu Sheikh Hasina akaikimbia nchi.

Kwangu mimi kilichofuata kinastahili kuangaliwa kuliko hata maandamano yenyewe. Polisi waliondoka barabarani, na vijana wale wale wakashika filimbi na fimbo wakaongoza magari kwenye njia panda za Dhaka. Wengine walifagia mitaa, wengine wakapaka kuta rangi. Kabla mwezi haujaisha mafuriko yakaipiga Feni na wilaya za jirani, na pale Chuo Kikuu cha Dhaka wanafunzi wakafungua kituo cha kupokea michango: mchele, maji, nguo, dawa. Walipanga foleni, wakaandikisha, wakapakia malori. Hakuna aliyewateua.

Kwenye mjadala wa Agosti hapo ndipo ukumbi ulipochafuka. Kijana mmoja wa klabu ya mtaa wa pili alisema waziwazi kwamba wenzao wa Dhaka wametuaibisha sote. Mzee mmoja akamjibu kwamba kuangusha ni kazi ya siku moja na kutawala ni kazi ya kila siku. Wote wawili nawaelewa, ila swali langu ni jingine: vijana wale walijifunzia wapi kuongoza?

Chuoni, kwa muda mrefu, hawakufundishwa. Umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dhaka, ule uliowahi kuwatoa viongozi wakubwa wa nchi, haukufanya uchaguzi tangu 1990 hadi 2019. Miaka yote hiyo mabweni yalikuwa mikononi mwa tawi la vijana la chama chochote kilichokuwa madarakani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alilala chumba kimoja na wenzake wengi, wamelazana sakafuni, na njia ya kupata kitanda ilikuwa kuhudhuria maandamano ya chama na kuwanyenyekea kaka wakubwa wa bweni. Kiongozi wa wanafunzi akawa mtu wa kugawa vitanda na kugawa vipigo. Oktoba 2019 Abrar Fahad, mwanafunzi wa chuo cha uhandisi cha BUET, alipigwa na wanafunzi wenzake wa tawi hilo mpaka akafa, ndani ya bweni, baada ya kuandika Facebook maneno ya kuikosoa serikali. Waliompiga nao walikuwa vijana wenye akili na wenye kuthubutu. Tukisema tu "vijana wawe viongozi", tujiulize tunawapa uongozi wa sampuli gani.

Shule iliyo bora iko pwani. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, na kuanzia 1972 serikali pamoja na Hilali Nyekundu, wakati ule ikiitwa Msalaba Mwekundu, wakajenga mpango wa watu wa kujitolea. Leo wanazidi 76,000, karibu nusu yao wanawake. Kila kikundi kina watu 20, kumi wanaume na kumi wanawake, na kila mtu anajua kazi yake: kutoa onyo, kuokoa, huduma ya kwanza, kusimamia makazi ya dharura, kugawa misaada. Bendera zinapandishwa moja, mbili, tatu kadiri hatari inavyokaribia, na vipaza sauti vinapita nyumba kwa nyumba. Kwenye kimbunga cha 1991 waliokufa walikuwa karibu 140,000, wanawake wengi kuliko wanaume, na wengi walikuwa wakingoja ruhusa ya mume au wakiona haya kwenda kulala ukumbini pamoja na wanaume wasiowajua. Ndiyo maana leo anatumwa binti wa kijiji kile kile, akiwa na kizibao chake, kumwambia baba wa watu amwache ng'ombe aondoe familia. Mwaka 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa, na waliokufa Bangladesh walikuwa makumi tu. Ujasiri wa binti huyo hauna picha ya kusambaa mtandaoni. Ana ratiba, ana mafunzo, na ana watu watakaomuuliza kesho amefika nyumba ngapi.

Ipo na kazi ya kituo cha uongozi wa vijana cha BYLC, kilichoanzishwa na Ejaj Ahmad, ambayo katibu wetu aliieleza vizuri mwezi Septemba. Elimu ya Bangladesh ina njia tatu: shule za Kibangla, shule za Kiingereza na madrasa, na mtoto anaweza kukua mpaka utu uzima bila kukaa meza moja na mwenzake wa njia nyingine. Kituo hicho kinawachanganya na kuwatuma mitaani kufanya kazi ya jamii pamoja. Shule za msingi nazo zina mabaraza ya wanafunzi ya kuchaguliwa kwa kura. Hayo ni kama ya kwetu, siyaongezi neno.

Kuhusu wasichana lazima nisimame kidogo. Nusu ya wanawake wa Bangladesh wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya miaka 18, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2019. Sharmin Akter wa Jhalokathi alikuwa na miaka 15 mama yake alipotaka kumwoza kwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Alikataa, akaenda polisi, na mwaka 2017 Marekani ikamtunuku tuzo ya wanawake jasiri. Nampongeza. Lakini mgeni wetu wa Mei alitukumbusha kwamba msichana aliyelazimika kumshtaki mama yake mzazi tayari ameachwa peke yake na kijiji kizima. Na Julai 2024 mabinti wa Chuo Kikuu cha Dhaka walitoka usiku mabwenini mwao wakaingia barabarani. Serikali ya mpito ilipoapishwa Agosti 8, wanafunzi wawili waliopewa nafasi ndani yake, Nahid Islam na Asif Mahmud, wote ni wanaume. Mwishoni mwa 2025 nchi hiyo ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa Februari 2026, nami nilikuwa nikiwatazama wagombea kwa jicho hilo.

Nilisema nitarudi kwenye chumba. Watafiti walipozipima klabu za Uganda baada ya miaka 4, mimba za wasichana katika maeneo yenye klabu zilikuwa zimepungua kwa takribani theluthi moja. Klabu za mtindo huo huo zilipopimwa Tanzania, matokeo hayakuonekana vile, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhaba wa vifaa na wa mahali pa kukutania. Kwa hiyo kamati inaomba pango la klabu ya sokoni lilipwe kwanza, kabla ya fulana za maadhimisho.

Pili, kamati inaleta hoja ya kurekebisha katiba ili wajumbe wawili wa Kamati Tendaji wawe vijana wa klabu, angalau mmoja msichana, wachaguliwe na klabu zenyewe na wawe na kura kamili. Aidha mfuko mdogo wa kila klabu utiwe saini na katibu wake kijana pamoja na mlezi, si mlezi peke yake. Najua hoja hii imezua maneno. Mlioniambia pembeni kwamba vijana watakula hela, naomba mliseme hapa wazi, wawasikie na wawajibu.

Mweka Hazina akimaliza, hoja itafunguliwa, na wanaoipinga watatangulia kuzungumza. Kura itakuwa ya siri na inahitaji theluthi mbili. Ikipita, fomu ziko kwa Katibu, na klabu zirudishe majina kabla ya mwisho wa Januari.