YAH: Kunizimia betri nikiwa na mgonjwa barabarani

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kisumu.

Bwana Meneja,

Salamu. Pikipiki yenu ya umeme nailipia kila siku, na asiyelipa mnamzimia betri kutoka mbali; masharti mengine mnayajua kuliko mimi, kwa hivyo sitayarudia. Jumanne iliyopita nililipa ya siku kama kawaida, ujumbe wa M-Pesa ukaingia saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi. Usiku wa siku hiyo hiyo, saa tatu, mkanizimia betri karibu na Kisian, nimebeba mama na mtoto mwenye homa kali tukikimbilia hospitali ya Russia, ile ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu. Betri ilikuwa na asilimia 61. Haikuisha. Mliizima.

Nilipiga simu kwa adabu. Kijana wenu akasema mfumo unaonyesha sijalipa. Nikamsomea nambari ya muamala herufi kwa herufi. Akasema nisubiri saa 48. Nikamwambia nina mgonjwa. Akajibu, "Hiyo ni shida ya abiria, si yetu."

Kesho yake nilikaa ofisini kwenu tangu saa mbili hadi saa saba mchana. Dada wa dirishani akakiri kwamba pesa zilifika, ila "zilikwama." Zilikwama! Hata pole sikuambiwa. Na mwezi wa nne mlimfanyia hivyo mwenzangu kwenye mlima wa kwenda Maseno, ana magunia mawili ya mahindi nyuma, pikipiki ikaanza kurudi chini naye.

Narudi usiku ule, kwa sababu naona hamjanielewa. Mvua ilikuwa imeanza. Betri ilipozima, taa nazo zilizima, na malori ya Busia yanapita pale kwa kasi. Mama alishuka, akamfunika mtoto kwa leso, akaniuliza, "Kijana wangu, mafuta yameisha?" Ingekuwa ya petroli ningenunua ya chupa kibandani, tukaenda. Ya kwenu, ni nani barabarani ataniazima betri? Nikaisukuma gizani, simu nimeiweka spika, mama anatembea nyuma yangu na mtoto begani. Maneno ya kijana wenu aliyasikia kwa masikio yake: hiyo ni shida ya abiria, si yetu. Hakunijibu kitu, hata mimi sikuwa na la kumwambia. Mwenzangu wa petroli ndiye aliyempakia akamfikisha.

Nilikuwa nataka mniombe radhi tu, na mnirudishie malipo ya siku tatu nilizokaa bila kazi. Jana mmenitumia ujumbe wa faini ya kuchelewa kulipa. Faini, mimi!

Basi sasa nataka faini ifutwe, siku tatu hizo nilipwe pamoja na kipato nilichopoteza, na barua ya radhi iandikwe, kwangu na kwa mama yule. Na betri isizimwe tena kamwe pikipiki ikiwa inatembea. Nawapa siku saba. Kifungu cha 46 cha Katiba kinamlinda mteja, usalama wake na fidia yake, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza kesi hadi Sh1,000,000 bila mtu kuhitaji wakili. Nitaenda.

Tena sitaenda peke yangu. Hapa stejini tuko 14 wenye pikipiki zenu, na jana jioni tuliketi. Siku ya nane mkifungua ofisi mtazikuta zote 14 zimepangwa mlangoni, funguo juu ya viti.

Mteja wenu anayelipa kila siku,
Steji ya Kisian.
Jina na nambari ya mkataba mnazo kwenye mfumo wenu.