Barua kwa mwanangu: toa jina la mzee kabla jarida halijatoka

Mwanangu,

Ile PDF ya jarida lenu la chuo niliipata jana usiku, nikaanza kusoma kwa simu macho yakauma, asubuhi nikaiprinti hapa saiba nikaisoma tena polepole na kalamu mkononi. Umeandika vizuri mama. Sisemi hivyo juu wewe ni wangu. Venye umeifuata kesi yetu ya Korti ya Afrika kule Arusha, kutoka ile notisi ya 2009 ya kututoa msitu wa Mau kwa siku 30 hadi hukumu ya tarehe 26 Mei 2017, hata mtu hajawahi kuskia jina Ogiek, jamii yetu, ataelewa. Lakini nilipofika ukurasa wa sita nikakwama hapo hapo. Mbona umeweka jina la yule mzee uliyemhoji?

Na si jina peke yake. Umeweka kijiji, umeweka umri, umesema mizinga yake ya nyuki iko upande gani wa mto, na chini yake picha amesimama mbele ya nyumba. Alipokuwa anakuelezea ulikuwa na daftari ukamwambia ni ya asaimenti, na yeye alikubali asaimenti. Hakuna mtu amemuuliza mambo ya jarida.

Mimi kazi yangu ni hii ya saiba na wewe unajua nayaona mengi. Mtu anakuja kufanyiwa eCitizen, zile huduma za serikali za mtandaoni, akimaliza ananiambia hebu tafuta jina langu kwa Google tuone, na vitu vinatoka ambavyo mwenyewe alishasahau, anabaki ameshika mdomo. Jarida la chuo si gazeti la kufungia mandazi, kesho limeisha. Linawekwa kwa tovuti ya chuo linakaa hapo miaka na miaka, na yeyote mwenye bando anaweza kulisoma, mwema na mbaya.

Najua utanijibu na Katiba. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kusema na uhuru wa wasomi, cha 56 kinaongea juu ya jamii ndogo na waliotengwa, na cha 63 kimetaja mpaka ardhi za mababu na zile za jamii za wawindaji na wakusanyaji. Nakubali vyote, na nafurahi unavijua hivyo bila kuangalia kitabu. Lakini Novemba 2023 watu wetu wa Sasimwani kule Narok walifurushwa na vifungu vyote vikiwa vimeandikwa, hukumu ya Arusha ikiwa na miaka sita, na ile ya fidia ya tarehe 23 Juni 2022 ishatoka pia. Korti ilisema tulipwe shilingi 57,850,000 za hasara na 100,000,000 za madhara ya roho, na ardhi tupewe hati ya pamoja. Kushinda tulishinda. Sasa mtu akifika kwa mzee usiku na ukurasa wako wa sita mkononi, nani atakuwa hapo amsomee kifungu?

Hebu angalia hata kichwa cha kesi yenyewe. Ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu dhidi ya Jamhuri ya Kenya. Waliopeleka malalamiko kwa Tume ile 2009 ni mashirika, OPDP ya Waogiek wenyewe hapa Nakuru, na yale ya haki za jamii ndogo, CEMIRIDE na Minority Rights Group, halafu Tume ndiyo ikaenda kortini 2012. Hakuna mzee mmoja aliwekwa hapo mbele abebe kesi na jina lake, na haki ya ardhi, ya dini na ya utamaduni zote zikaonekana zimevunjwa. Kwa hivyo usiniambie makala haina nguvu bila jina.

Na ile Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, si ni wewe ulinieleza nilipokuwa nabandika notisi hapa kwa ukuta? Ukaniambia kabila la mtu, mali yake na familia yake ni data nyeti, nisiache fomu za wateja juu ya meza. Sasa zangu nafungia kwa droo na zako unazitangaza. Pengine sheria yenyewe imewaachia nyinyi waandishi nafasi, sibishani. Mimi sikuulizi kama unaruhusiwa, nauliza mzee atalala wapi.

Tena usiweke "Mzee K." ukafikiri umemaliza. Ukiacha mto na mizinga na umri, kila mtu huku anajua ni nani kabla hajamaliza sentensi. Andika tu mzee mmoja wa Mau Mashariki, basi. Yale maneno yake ya siku walichomewa nyumba yaache yote, usipunguze hata moja, hayo ndiyo yamenifanya nikae chini. Mizinga toa kabisa. Picha toa, na ile ya simu usimtumie mtu hivyo hivyo, ndani yake inaweza kubeba mahali ilipigwa. Halafu urudi umuulize upya, umsomee kwa lugha yake, akikataa ni kukataa.

Jina lako liache. Hapo sina neno, ingawa tangu Juni 2025, ile habari ya mwalimu Albert Ojwang kuchukuliwa kwao Homa Bay akafia mikononi mwa polisi Nairobi, nikiona umepost kitu naamka usiku nakagua kama uko onlaini. Baba yako anasema nakutisha bure. Lakini wewe umechagua, una wenzako, una malekchara, una mawakili wa kupigia simu. Mzee ana nini?

Kitu kingine, mbona yote ni Kiingereza? Kogo, nyanya yako, nilimsomea ile sehemu ya asali kwa lugha yetu, akaomba nirudie, halafu akauliza sasa wenyewe mtawasomea lini. Ongea na mhariri mpate hata kurasa mbili za Kiswahili. Na umpigie kogo, anauliza kila Jumapili na mimi nimechoka kusema uko na mitihani. Presha yake imeshuka kidogo lakini dawa za mwezi huu bado sijamalizia.

Viazi tumevuna, madalali wanataka gunia la kushona kichwa juu, lile la kujazwa kupita mdomo, kwa bei ile ile, baba yako amekataa na vimejaa kwa stoo. Mdogo wako anataka viatu vya shule vingine, sijui anavila. HELB, ule mkopo wa masomo, ikiingia lipa nyumba kwanza, usinunue hiyo laptopu ya mkopo.

Nipigie leo baada ya saa mbili usiku, mchana nina foleni hapa. Na mhariri wenu akisema imeshaenda kwa mchapishaji, usiniletee pole, nipe namba yake niongee naye mimi mwenyewe.

Mama yako,
Njoro