Barua kwa mwanangu: shukuru, lakini usikope

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku nyumbani tuko wazima. Bibi yako mguu unamsumbua, lakini anajikongoja mpaka kwenye migomba na kurudi.

Nilitaka kukupigia, nikaona nitalia kabla sijasema, ndiyo maana naandika. Jumanne jioni uliingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua. Wametaja majina yako yote matatu, wakasema wewe ni mdaiwa sugu na mimi mdhamini wako nikwambie ulipe. Mdhamini wapi? Sijatia saini popote. Shangazi yako kaupata, na mwalimu wa kwaya kaupata. Nilipombana mdogo wako ndipo akasema: fedha ulikopa kwenye simu, ukaipeleka kwenye maombi iwe sadaka ya shukrani kwa ajira ambayo bado hujaitwa. Uliambiwa ushukuru kabla, na kwamba shukrani isiyokuuma haifiki.

Usikope tena ili umshukuru Mungu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, unaweza kusoma mistari michache ukaweka barua chini.

Kushukuru kabla ya kujibiwa sikukatazi. Nitakukatazaje, wakati ndivyo tulivyokulea? Paulo anawaambia Wafilipi wasijisumbue kwa neno lolote, bali kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zao zijulikane na Mungu. Shukrani imewekwa mle mle ndani ya ombi, haikungojea jibu. Na Bwana mwenyewe pale Bethania, jiwe limeshaondolewa, Lazaro ana siku nne kaburini na bado hajatoka, aliinua macho akasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Alishukuru kwa kusikiwa. Hayo nayaamini kuliko ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Lakini soma tena hao wote walioshukuru mapema, uangalie mikononi mwao walikuwa na nini. Yona alikuwa tumboni mwa samaki, alitoa sauti ya shukrani tu, na nadhiri akaahidi kuziondoa. Paulo na Sila kule Filipi walikuwa wamechapwa, miguu ikafungwa kwenye mkatale, usiku wa manane wakaimba. Nani aliwapitishia kapu la sadaka gerezani? Mfalme Yehoshafati aliwatanguliza waimbaji mbele ya jeshi, waseme, "Mshukuruni Bwana, kwa maana fadhili zake ni za milele."

Na Hana, ambaye wewe ulikuwa unapenda kuwasimulia watoto wa shule ya Jumapili. Alipomaliza kumwaga moyo wake mbele za Bwana, na kuhani Eli akamwambia aende kwa amani, Biblia inasema akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Mimba hakuna bado. Alikula! Samweli ni wa baadaye, na wale ng'ombe na unga na divai aliwapeleka Shilo mtoto alipokwisha kuachishwa ziwa, akaenda naye. Kabla ya jibu alitoa machozi, maneno na ahadi. Sasa wewe uniambie, unakula? Mdogo wako anasema unapika mara moja kwa siku, na Jumatano na Ijumaa unasema umefunga. Unafunga au huna unga?

Najua utanijibu na Daudi. Kwamba alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu. Ndiyo, lakini alikinunua kiwanja kile cha kupuria na ng'ombe wake kwa shekeli hamsini zilizokuwa zake. Na mjane wa senti mbili alitoa alichokuwa nacho, hakupita kwa majirani kuazima ya tatu. Fungua 2 Wakorintho 8:12, uisome kwa sauti: kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Aliyekuhubiria sijui kwa nini hakufika kwenye mstari huo. Simhukumu, sijamsikia. Ila mtu anayejua wewe huna kazi na bado anakutajia kiwango, namwogopa.

Labda ulituona sisi tukibeba jogoo kwenda kanisani wakati ndani sukari imeisha, ukafikiri ndivyo Mungu anavyobembelezwa. Jogoo yule alikuwa wetu. Aliingia kwenye mnada pale nje baada ya ibada, mzee fulani akamnunua akaturudishia tukale wenyewe, watu wakacheka na kupiga makofi. Hakuna aliyetudai Jumatatu.

Ya baba yako unayajua, siyarudii. Nitasema moja tu ambalo sijawahi kukwambia. Miezi ile yote kila jioni nilikuwa namshukuru Mungu kwa kumponya, kwa kinywa changu, kama ameshapona. Na hakupona. Baada ya mazishi mama mmoja alinifuata akaniuliza kwa upole kama labda shukrani yangu ilikuwa na mashaka ndani yake. Nilibeba neno lile muda mrefu, mwanangu. Lililonitoa ni wale vijana watatu mbele ya tanuru, kwenye Danieli 3. Walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Hawakuwa na mashaka hata kidogo, na bado waliyasema hayo maneno. Tangu hapo nashukuru kwa namna hiyo. Namshukuru kwa kuwa amenisikia na kwa kuwa ni Baba, na jibu namwachia lije lilivyo. Nataka wewe ushukuru hivyo kuhusu hii ajira. Kwa sababu naogopa, mkeka wa majina ya walioitwa kazini ukitoka bila jina lako, utafikiri ni kwa kuwa ulitoa kidogo. Utarudi kukopa. Na ukitoka na jina lako, utafikiri ulilipia. Sijui lipi kati ya hayo mawili linaniogopesha zaidi.

Usaili ulifaulu. Jina limekaa kwenye kanzidata ya wanaongoja kuitwa kwa sababu nafasi zilikuwa chache, na hilo ni la kushukuru leo, ukiwa umekaa kwenye kitanda chako, bure. Nilimwonyesha mchungaji ule ujumbe wako wa matokeo, nilijivuna nao wiki nzima. Sina mtoto mwingine anayeamka saa kumi alfajiri kusali bila kuamshwa. Ndiyo maana nimeumia kusikia habari zako kwa wadai wakati mama yako yupo.

Sasa deni. Niandikie lote, la kwanza ulichukua shilingi ngapi na sasa wanataka ngapi. Usinipunguzie. Usikope kwingine ukalipie hili, hiyo mikopo ya kausha damu inashikana mikono. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 majina ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, mwambie mdogo wako akutafutie orodha muangalie kama hiyo yenu imo, ili tujue tunaongea na nani. Ule ujumbe usiufute, mimi nimeutunza. Fedha ya kahawa kutoka chama chetu cha ushirika, AMCOS, bado haijaingia yote, lakini ndama dume yupo na tayari mtu ameshamwulizia. Nilikuwa nimempangia bati za jikoni. Bati zitangoja, mvua hazijaanza.

Shangazi yako nimeongea naye, hatasema kitu kwenye kikao cha harusi. Na mchango wako wa harusi usitume, nimekuandikia mimi. Mwalimu wa kwaya aliniambia tu anakusalimia, na kwamba sauti ya pili imepwaya tangu uondoke.

Nimekutumia kiroba cha ndizi mshare na parachichi kwa basi la asubuhi, pamoja na unga wa mahindi na maharage ya bibi yako. Kitafika Mbezi jioni, namba ya kondakta nimempa mdogo wako. Parachichi mbili za juu zimeanza kulainika, anza na hizo. Mtori ukiupika usiweke maji mengi kama ulivyofanya Krismasi. Ule kwanza, halafu unipigie hata kama ni usiku, simu naiacha imewashwa.

Mama yako