Ualbino hutoka kwa baba na mama

Mhariri,

Bado wapo akina mama wanaofukuzwa na waume zao kwa kujifungua mtoto mwenye ualbino. Ni dhuluma, tena haina msingi: mtoto huyo amerithi jeni (chembe ya urithi) yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili.

Aina inayoonekana zaidi Tanzania hutokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo OCA2. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja tu mbovu ana rangi kama ya ndugu zake, na ukoo unaweza kuibeba vizazi kadhaa bila kujua. Wabebaji wawili wakizaa pamoja, uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino ni 1 kwa 4. Ni kwa kila mimba, jamani. Kuzaa mmoja hakumaanishi watatu wanaofuata wamesalimika.

Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho, ikipungua, nywele huwa za manjano, ngozi huungua upesi na macho huchezacheza. Sehemu ya kati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) haikomai vizuri, ndiyo maana miwani husaidia lakini haimalizi tatizo. Mwalimu amkalishe mtoto huyo mbele, asielekee dirisha, na amruhusu kuusogelea ubao. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kapelo huacha masikio na shingo wazi, na huko saratani ya ngozi hutokea sana. Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) ya 30 au zaidi ipakwe kabla ya kutoka, kisha kila baada ya saa 2. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi kipelekwe hospitali, hata kama hakiumi.

Wahudumu wa kliniki ya ngozi,
Moshi