Tuwakumbuke mama wa kwaya

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee akina mama wanaofundisha kwaya. Wa kwetu alikuwa akinyonyesha huku akigonga benchi kwa penseli, akiturudisha sisi wa alto, sauti ya chini ya wanawake, mpaka noti ya "fa" ikae sawa, kisha anawahi nyumbani kupika. Ibadani hakutajwa hata mara moja, na hilo linaniuma.

Hata solfa tunayosomea nyimbo, ile ya do, re, mi, ina mama yake: Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, binti wa kasisi, aliyebuni mfumo wake wa awali karne ya 19 ili watoto waimbe vizuri kanisani. Anayesifiwa zaidi ni mchungaji John Curwen, aliyeuendeleza na kuueneza.

Makanisa yaandike majina ya mama hawa wangali hai. Na nauli ya mazoezi wapewe.

Mwanakwaya