Risala ya wauguzi na kikundi cha manusura wa saratani ya matiti kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mganga Mfawidhi, Muuguzi Mfawidhi, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kuja kuwa nasi mwezi huu wa Oktoba, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kiliundwa na wauguzi wa wodi ya upasuaji pamoja na akina mama waliomaliza matibabu katika hospitali za Ocean Road, Bugando na KCMC wakarudi nyumbani. Kazi yetu ni kumfuatilia mgonjwa akisharuhusiwa, maana anarudi na uchovu, ganzi ya vidole iliyoletwa na dawa, hofu ya ugonjwa kurudi, na mkono unaovimba.

Mafanikio yetu ni makubwa. Kila mama anayefanyiwa upasuaji wa titi hapa sasa hupimwa mikono yote miwili kabla ya upasuaji, kisha kila miezi 3 kwa mwaka mzima. Tunatumia futi ya fundi cherehani: mkono unalazwa mezani, tunaanzia kifundoni na kupima mzunguko kila sentimita 4 hadi karibu na kwapa, bila kuikaza futi. Mkono wa upande uliopasuliwa ukiongezeka sentimita 2 kuliko mwenzake, tunaujua mapema. Bila kipimo cha awali, uvimbe hugundulika bangili ikishagoma kutoka. Vipimo vyote vimo kwenye daftari letu la utafiti, na tuko tayari kukuonyesha leo.

Mheshimiwa, tatizo linaanzia hapo. Tunaupima uvimbe, lakini hatuna cha kuushusha.

Tezi za kwapa zikitolewa au zikipigwa mionzi, maji ya limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi hizo, hukosa njia. Dawa za kukojoza hazisaidii, kwa kuwa majimaji hayo yana protini na yamekwama ndani ya tishu. Mchubuko mdogo wa jembe au wa kisu cha jikoni huingiza vijidudu, mkono unakuwa mwekundu na wa moto, mama analazwa kwa homa. Kila maambukizi huziba njia nyingine, na ngozi huzidi kuwa ngumu.

Kinachotibu ni kuufunga mkono kwa bandeji. Bandeji ya krepu tuliyo nayo stoo haifai: inavutika pamoja na msuli na kulegea baada ya saa chache. Inahitajika bandeji ngumu isiyovutika sana, ili mama anapofua au kupika, msuli uisukume na maji yapande. Seti ya mgonjwa mmoja ni soksi ya pamba ya ndani, bandeji laini za vidole, roli 2 za sufi, na bandeji ngumu 4: moja ya upana wa sentimita 6 kwa kiganja, moja ya 8 kwa kigasha, na 2 za 10 kwa sehemu ya juu. Mkono ukishapungua huvaliwa soksi ya kubana, saizi ya mhusika mwenyewe. Ikibana kifundoni na kulegea juu, kiganja ndicho kitakachovimba. Anahitaji 2, moja ikifuliwa avae nyingine, na baada ya miezi 6 mpira wake huwa umechoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Limesomwa hapa mbele ya wageni rasmi watatu waliokutangulia. Wa kwanza aliahidi seti 20. Wa pili alitueleza kuwa suala liko kwenye mchakato. Wa tatu alituletea fulana, nasi tunazivaa kwa shukrani, lakini bandeji hazijafika hadi leo. Akina mama walioahidiwa mwaka ule wa kwanza wameketi mbele yako, mstari wa pili, na mikono yao unaiona.

Kwa unyenyekevu tunaomba seti 30 za bandeji na soksi 60 za mkono. Tunaomba pia vifaa hivi viingizwe kwenye maoteo ya mwaka ya hospitali na kutengewa kasma, yaani fungu lake la bajeti, visitegemee sherehe. Na tunakuomba sana, kabla hujaondoka, umtaje ofisa atakayelifuatilia na tarehe ya kutupa jibu, tuiandike kwenye daftari.

Tunaomba kuwasilisha.