Fedha ya kumtunza mzazi ihesabiwe mwaka mzima, si msimu wa korosho

Ndugu Mhariri,

Minada ya korosho inapoanza Oktoba na malipo kuingia kwenye akaunti za wakulima, familia nyingi za Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea hukaa kikao cha kumtafutia mama au baba mtu wa kumwangalia. Mlezi anapatikana na analipwa vizuri hadi Machi. Ikifika Mei, fedha inatakiwa kwa palizi na salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Mshahara unacheleweshwa, mlezi anaondoka, na mzee anabaki mikononi mwa mjukuu anayepaswa kuwa shuleni. Sisi wauguzi wastaafu tunaziomba familia zipige hesabu ya miezi 12 kabla ya kumwita mlezi.

Tuseme mlezi analipwa sh 120,000 kwa mwezi. Kinachosahaulika ni pampasi. Mzee asiyeweza kuzuia mkojo hutumia tatu au nne kwa siku. Tatu tu ni 90 kwa mwezi; moja ikiuzwa sh 1,500, hiyo ni sh 135,000, zaidi ya mshahara wa mlezi. Weka sh 100,000 za chakula, sabuni na dawa: mwezi sh 355,000, mwaka sh 4,260,000.

Mkiona ni nzito, msimkate mlezi, kateni pampasi. Mchana mzee akalishwe kwenye kiti cha choo kila baada ya saa mbili, na kila amalizapo kula; pampasi avae usiku. Hapo mnaokoa sh 90,000 kwa mwezi. Kiti hicho seremala yeyote anakitengeneza: kiti kizito chenye mikono, tundu katikati, ndoo chini yake. Ila msimnyime maji kwa kuogopa mkojo. Mzee akikosa maji hufunga choo, huchanganyikiwa, na mkojo unakuwa mkali hadi unaunguza ngozi.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Hapa ndipo mlezi mmoja anaposhindwa, wala si uvivu. Aliyefua, kupika na kuogesha mgonjwa kutwa hawezi kuamka mara tano usiku. Lazima ndugu mmoja ashike zamu ya usiku, au alipwe mtu wa pili. Kidonda cha kulalia huanza kisigino, nyonga au juu kidogo ya makalio, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Gusa kwa mgongo wa mkono: pakiwa na joto, pagumu au laini kuliko pembeni, pasilaliwe tena wala pasisuguliwe. Mto uwekwe chini ya kigimbi cha mguu ili kisigino kining'inie bila kugusa godoro.

Kuna suala la akaunti. Mzazi mwenye mikorosho yake aende benki na chama chake cha msingi cha ushirika angali na kumbukumbu nzuri, aseme nani atasimamia malipo yake. Wakichelewa, fedha itakuwepo na hakuna wa kuitoa. Mzee aliyeanza kusahau ndiye anayefuatwa na mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kinyemela nje ya mnada, hadi barazani, akauza korosho zingali mtini kwa bei ya kutupa. Mlezi aelezwe mapema kwamba wageni wa namna hiyo hawaongei na mzee peke yake.

Wapo wanaouliza kuhusu makazi ya wazee ya Serikali. Hayo ni ya wasio na ndugu wala msaada, na hupokelewa kupitia ofisa ustawi wa jamii. Si mahali pa kulipia. Anayempeleka mzazi kituo binafsi, hata Dar es Salaam, aombe kuona cheti cha usajili, kisha afike usiku bila taarifa ahesabu wahudumu walio macho.

Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza anastahili matibabu bila malipo. Utambulisho uanzie ofisi ya kijiji au mtaa. Hata hivyo dawa ya presha ikikosekana dirishani itanunuliwa dukani siku hiyohiyo. Kwa hiyo fedha ya mzazi itengwe kwenye akaunti yake yenyewe, yenye saini za ndugu wawili, mara malipo ya mnada wa kwanza yanapoingia, kabla ya bati na kabla ya pikipiki.

Wauguzi wastaafu,
Masasi, Mtwara